Salio la Simu Si Faida: Uhasibu wa Gharama kwa Mwanafunzi Mwenye Kibanda

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, mimi na mwenzangu wa chumba tulikuwa na kibanda cha chapati karibu na geti la hosteli. Jumatano moja jioni nilifungua simu nikaona salio la till: Sh9,600. Siku hiyo hiyo ofisi ya fedha ilikuwa imebandika tangazo kwamba asiyemaliza karo hatafanya mtihani. Tulitazamana, tukacheka, tukatoa zote na kulipia karo, kila mtu nusu yake. Tukasema biashara sasa inatusomesha.

Ijumaa mwenye duka alitaka pesa za unga tuliochukua kwa deni: pakiti 15 kwa Sh190, jumla Sh2,850. Jumamosi gesi ikaisha, na kujaza mtungi ni Sh1,200. Jumatatu mwenye kibanda akaja kuchukua kodi yake ya Sh3,000. Halafu mama mmoja aliyekuwa ametutumia Sh1,500 za oda ya sherehe akapiga simu kuuliza chapati zake zitakuwa tayari saa ngapi. Ukijumlisha hizo zote unapata Sh8,550. Kumbe katika ile Sh9,600, pesa zetu zilikuwa Sh1,050 tu. Kibanda kilifungwa wiki hiyo.

Jambo linaloniuma hadi leo ni kwamba muhula huo huo tulikuwa tunasoma uhasibu wa gharama. Mhadhiri alikuwa anatueleza yale yale yaliyotuua, nami nilikuwa nanakili notisi nikifikiri ni habari za viwanda vikubwa. CAT nilipata 11 kwa 30.

Kama unasoma somo hili mwaka huu, au unafanya CPA ya KASNEB, ambako mada hizi zimo pia, shika kalamu. Tutatumia kibanda cha chapati kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na kama husomi popote ila una biashara ndogo, hesabu ni zile zile.

Hatua ya 1: Tofautisha maswali mawili

Wanafunzi wengi hupotea mapema kwa sababu wanachanganya njia mbili za kupanga gharama. Kila njia inajibu swali lake.

Swali la kwanza: je, naweza kuionyesha gharama hii ndani ya bidhaa yenyewe? Unga unaonekana ndani ya chapati. Hiyo ni gharama ya moja kwa moja. Kodi ya kibanda huwezi kuiona ndani ya chapati moja, kwa hiyo si ya moja kwa moja.

Swali la pili: je, gharama hii inapanda nikipika zaidi? Unga unapanda, kwa hiyo ni gharama inayobadilika. Kodi haipandi hata ukipika chapati 10 au 1,000 kwa mwezi. Hiyo ni gharama isiyobadilika.

Angalia gesi. Ni vigumu kusema chapati hii imekula gesi kiasi gani, kwa hiyo wengi wataiweka katika zile zisizo za moja kwa moja. Lakini ukipika zaidi inaisha haraka, kwa hiyo inabadilika. Gharama moja inaweza kuwa "si ya moja kwa moja" na bado "inayobadilika". Ukikumbuka mfano wa gesi kwenye mtihani, hutaandika kwamba gharama zote zisizo za moja kwa moja hazibadiliki.

Hatua ya 2: Andika gharama zote, hata zile ndogo

Hizi hapa ni gharama za pakiti moja ya unga wa kilo 2, inayotoa chapati 20. Bei za mtaani kwako zinaweza kuwa tofauti, kwa hiyo badilisha uweke zako.

- Unga: Sh190
- Mafuta: Sh80
- Chumvi na sukari: Sh10
- Gesi (mtungi wa Sh1,200 ukipika pakiti 30): Sh40
- Karatasi za kufungia: Sh15
- Ada ya kupokea malipo kwa simu: Sh5
- Jumla: Sh340

Gawanya kwa 20. Kila chapati inakula Sh17 za gharama zinazobadilika.

Kwenye ada nimechukulia asilimia 1 ya mauzo ili hesabu iwe rahisi. Chapati 20 kwa Sh25 ni Sh500, na asilimia 1 yake ni Sh5. Ada halisi itategemea aina ya akaunti yako na kiasi cha malipo, kwa hiyo soma jedwali la ada uone yako ni ngapi. La muhimu ni kutoiacha nje. Watu wengi huandika unga na mafuta, kisha wanashangaa mbona hesabu ya mwisho wa mwezi haikubali. Ada za kupokea, kutuma na kutoa pesa ni gharama za biashara kama chumvi tu.

Sasa gharama zisizobadilika kwa mwezi:

- Kodi ya kibanda: Sh3,000
- Stima: Sh500
- Takataka na ulinzi: Sh300
- Data ya kupokea oda: Sh400
- Kuchakaa kwa meko na vyombo: Sh300
- Jumla: Sh4,500

Hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika zaidi. Meko, kikaango na meza vilinunuliwa kwa Sh7,200 na tunatarajia vitumike miezi 24. Ukigawanya unapata Sh300 kwa mwezi. Hakuna mtu atakayekuja kukudai hiyo Sh300, lakini siku meko yatakapoharibika utaitafuta na usiione.

Kwa kweli, gharama nyingine ziko katikati. Stima ina sehemu isiyobadilika na sehemu inayopanda na matumizi. Kwenye mtihani utapewa mbinu za kuzitenganisha, kwa mfano kulinganisha mwezi wa mauzo ya juu kabisa na ule wa chini kabisa. Kwa kibanda, makadirio ya busara yanatosha.

Hatua ya 3: Tafuta mchango, kisha kiwango cha usawa

Bei ni Sh25. Gharama inayobadilika ni Sh17. Tofauti ni Sh8, na inaitwa mchango. Isome vizuri: Sh8 bado si faida. Ni kile ambacho kila chapati inachangia ili kulipa ile Sh4,500. Sh4,500 ikishalipwa, ndipo mchango unaobaki unageuka kuwa faida.

Kwa hiyo swali ni chapati ngapi zitalipa Sh4,500?

4,500 ÷ 8 = 562.5

Huwezi kuuza nusu chapati, kwa hiyo ni 563. Hapo ndipo kiwango cha usawa: hupati faida, hupati hasara. Ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi, ni chapati 22 kwa siku. Ukiuza 20 kwa siku, hata foleni ikionekana ndefu kiasi gani, unapoteza pesa.

Sisi tulikuwa tunauza karibu 40 kwa siku, yaani 1,040 kwa mwezi:

- Mchango: 1,040 × Sh8 = Sh8,320
- Toa gharama zisizobadilika: Sh4,500
- Faida: Sh3,820

Pia unaweza kupima usalama wako. Kutoka 1,040 hadi 563 ni chapati 477, karibu asilimia 46 ya mauzo. Mauzo yanaweza kushuka kiasi hicho kabla hujaingia kwenye hasara. Ni nafasi nzuri, ila kumbuka likizo ndefu: wanafunzi wakienda nyumbani mauzo hushuka kuliko hapo, na kodi bado inadaiwa.

Hatua ya 4: Gharama ya chapati moja ni ngapi hasa?

Hapa mhadhiri anapenda kukutega. Mtu akikuuliza "chapati moja inakugharimu ngapi?", majibu yanaweza kuwa mawili, na yote ni sahihi.

Jibu la kwanza ni Sh17, ukihesabu gharama zinazobadilika peke yake.

Jibu la pili linabebesha kila chapati sehemu ya kodi na stima. Ukiuza 1,040, kila moja inabeba 4,500 ÷ 1,040, yaani Sh4.33. Gharama kamili ni Sh21.33. Lakini ukiuza 500 tu, kila moja inabeba Sh9 na gharama kamili inakuwa Sh26. Unauza Sh25. Unapoteza bob moja kwa kila chapati, jumla Sh500 kwa mwezi, ilhali hukubadilisha unga, mafuta wala bei. Kilichobadilika ni idadi.

Jambo hili si geni. Mwaka 1772 biashara nchini Uingereza zilikumbwa na msukosuko wa mikopo. Josiah Wedgwood, mfinyanzi maarufu wa vyombo vya udongo, alikuwa na wateja wengi lakini pesa taslimu zilikuwa zinamwishia. Akaketi kuchambua gharama zake moja moja. Akamwandikia mshirika wake, Thomas Bentley, akieleza kwamba gharama nyingi zinabaki karibu vile vile hata vyombo vikitengenezwa vingi au vichache. Kwa hiyo kutengeneza vingi kunashusha gharama ya kila kimoja. Yeye alikuwa na kiwanda kizima nasi tulikuwa na kikaango kimoja, lakini tatizo letu lilikuwa moja: mauzo yapo, pesa haionekani.

Kwa hiyo utumie jibu lipi? Kwa ripoti za kifedha zinazotolewa nje ya kampuni, kanuni ya kimataifa IAS 2 inataka bidhaa zilizobaki stoo zibebe pia sehemu ya gharama zisizobadilika za uzalishaji, zikigawanywa kwa kiwango cha kawaida cha uzalishaji. Kenya inafuata viwango hivyo vya kimataifa tangu 1999. Kwa uamuzi wa ndani, kama kukubali oda au kuikataa, tumia zaidi gharama zinazobadilika.

Tofauti ya njia hizi mbili huonekana bidhaa zikibaki stoo. Chapati haikai, kwa hiyo tuchukue sabuni ya maji. Umetengeneza lita 500, na gharama za uzalishaji zisizobadilika ni Sh5,000, yaani Sh10 kwa lita. Umeuza lita 400. Katika njia ya gharama kamili, lita 100 zilizobaki zinaingia mwezi ujao zikiwa zimebeba Sh1,000 ya gharama hizo. Katika njia ya pili, Sh5,000 yote inakatwa mwezi huu. Kwa hiyo, kama mwezi ulianza bila sabuni stoo, njia ya kwanza itaonyesha faida kubwa zaidi kwa Sh1,000. Hakuna shilingi hata moja ya ziada iliyoingia kwenye simu. Swali la namna hii hutoka mara nyingi, na mtu aliyeelewa sababu hahitaji kukariri fomyula.

Hatua ya 5: Oda maalum

Klabu ya chuo inataka chapati 200 Jumamosi, lakini watalipa Sh20 kwa kila moja. Mwenzako anasema, "Wacha hiyo, chapati yenyewe inatugharimu 21 na kitu, tutapata hasara." Je, ana haki?

Kodi ya mwezi utailipa tu, oda iwepo isiwepo. Kwa hiyo iweke kando. Angalia kitakachobadilika:

- Mchango: (20 − 17) × 200 = Sh600
- Boda ya kupeleka: Sh250
- Kinachobaki: Sh350

Kufikia hapa oda inafaa. Lakini endelea kuuliza: Jumamosi hiyo kikaango ni kimoja. Mkipika 200 za klabu, hamtaweza kupika zile 40 za wateja wa kila siku. Mchango wa hizo 40 ni 40 × 8 = Sh320. Hiyo ni gharama ya fursa, yaani kile unachokiacha ili upate kingine.

350 − 320 = Sh30

Watu wawili, siku nzima kwenye moto, kwa Sh30. Na wateja wenu wa Jumamosi wamekwenda kibanda cha jirani, huenda wasirudi. Mwenzako alifika kwenye jibu zuri kwa hesabu isiyofaa. Kama mngekuwa na kikaango cha pili, au klabu ingetaka chapati siku ambayo hamfungui, jibu lingebadilika.

Badala ya kukataa, jadili bei. Kwa Sh22, mchango ni karibu 5 × 200 = Sh1,000. Toa Sh250 na Sh320, unabaki na Sh430. (Ada hupanda au hushuka kwa senti chache bei ikibadilika, nimeiacha kama ilivyo.) Ukishajua Sh17 yako, unaweza kupatana na mteja bila kubahatisha.

Hatua ya 6: Na kazi yako je?

Tulipika kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku. Saa 3 kwa siku 26 ni saa 78 kwa kila mmoja, saa 156 kwa wawili. Faida ilikuwa Sh3,820. Ukigawanya, ni takriban Sh24 na senti 50 kwa saa.

Sikuandiki haya ili ufunge kibanda. Huenda hakuna kazi nyingine jioni, na pesa hiyo inalipa nauli na chakula. Lakini ijue. Kama saa hizo ungezitumia kusoma ukapita mtihani bila kurudia, au kama mtu yuko tayari kukulipa Sh100 kwa saa ya kumfundisha mtoto wake hesabu, basi kibanda kina gharama ambayo haionekani kwenye orodha yoyote.

Jinsi ya kutumia simu yako kama daftari la gharama

Rekodi nyingi unazohitaji tayari ziko kwenye simu. Fanya hivi:

1. Tenga akaunti ya biashara na yako binafsi. Ukinunua vocha yako kwa pesa za till, hesabu ishachafuka.
2. Kila mwisho wa mwezi, pakua taarifa ya miamala. Pitia mstari kwa mstari na uandike kando: unga, gesi, kodi, ada, binafsi.
3. Mauzo ya pesa mkononi yaandike siku hiyo hiyo. Taarifa ya simu haiwezi kuonyesha pesa ambazo hazikupitia hapo.
4. Amana ya mteja si mauzo. Ni deni lako hadi umpe chapati zake. Iweke kwenye akiba yake.
5. Kila jioni, tenga kwanza pesa za unga na gesi wa kesho, kisha fungu la kodi: Sh3,000 kwa siku 26 ni karibu Sh116 kwa siku.
6. Anayekusaidia kuuza apewe uwezo wa kuona kwamba malipo yameingia, lakini PIN ya kutoa pesa usimpe mtu yeyote, hata mwenzako wa chumba.

Jipime

Swali la 1. Unga umepanda kwa Sh40 kwa pakiti. Bei ya chapati inabaki Sh25. Kiwango cha usawa sasa ni kipi, na faida kwa chapati 1,040 ni ngapi?

Swali la 2. Unga haujapanda, lakini mnataka faida ya Sh6,000 kwa mwezi. Muuze chapati ngapi?

Jaribu kwanza kabla ya kusoma majibu.

Jibu la 1. Sh40 kwa chapati 20 ni Sh2 kila moja. Gharama inayobadilika inakuwa Sh19 na mchango Sh6. Kiwango cha usawa ni 4,500 ÷ 6 = chapati 750, yaani 29 kwa siku badala ya 22. Faida ni (1,040 × 6) − 4,500 = Sh1,740. Unga umepanda kwa karibu asilimia 21, lakini faida imeanguka kwa zaidi ya nusu. Ndiyo maana wenye vibanda hupunguza ukubwa wa chapati kimya kimya.

Jibu la 2. (4,500 + 6,000) ÷ 8 = 1,312.5, kwa hiyo chapati 1,313 kwa mwezi, yaani 51 kwa siku. Je, kikaango kimoja na saa 3 vinatosha? Hilo ni swali la meko na mikono, na hesabu peke yake haitakujibu.

Mimi nilirudi kwenye somo lile muhula uliofuata nikiwa na karatasi ya gharama za kibanda kilichokufa. Kila mada mpya niliiweka kwanza kwenye chapati, kisha kwenye maswali ya kiwanda ya kitabuni. Nilipita. Kibanda hatukukifungua tena. Pesa za kuanzia hazikuwepo.

Kwa hiyo ukiona salio limenona leo jioni, kabla hujalitumia chukua karatasi uandike ni la nani: mwenye duka, mwenye kibanda, gesi ya wiki ijayo, mteja aliyelipa mapema. Kinachobaki chini ya orodha ndicho chako.